Udongo wa Kunyamazisha Mawe

Fu.

Halafu kimya. Halafu fu tena.

Niliisikia sauti hiyo kabla sijafungua macho, kabla hata sijajua kama macho ninayo. Kitu kizito na laini kilikuwa kikiangukia kitu kigumu, na kila kilipoanguka, kile kigumu kilijibu kidogo kuliko mara iliyotangulia. Mwanzoni kililia. Baadaye kikanung'unika. Kisha kikaacha kujibu kabisa, ikabaki ile fu peke yake, ikijisemea. Nikatambua, kama mtu anavyotambua ndotoni bila kuambiwa, kwamba kuna kiumbe anazibwa mdomo karibu nami. Nilipofungua macho nikaona kuwa anayezibwa ni barabara, na mmoja wa wanaoiziba ni mimi.

Beleshi lilikuwa mkononi mwangu, na mpini wake ulikwisha kunizoea. Mimi nililala kwingine. Nililala katika chumba cha paa la bati, kichwa juu ya rundo la magazeti yaliyofungiwa dagaa na maandazi, magazeti hayo hayo yaliyonifundisha vina na mizani, kwa sababu mwalimu sikumpata, na nikisema kweli, sikumtaka. Nimeamka hapa, katika mji ambao hakuna anayeutaja kwa jina, chini ya jua la saa nane mchana, nikichota udongo kwenye mkokoteni na kuumwaga juu ya mawe. Sikuuliza nilifikaje. Kuna mahali mtu hafiki. Hujikuta tu amekwisha kuwapo, na kazi imekwisha kuanza.

Barabara ilipita mbele ya Nyumba kubwa ya matofali mekundu. Ilikuwa na madirisha marefu, na yote yalikuwa yamefungwa, katika joto ambalo hata nzi walikuwa wakitembea kwa miguu. Nyuma ya vioo niliona watu wazima waliovaa makoti mazito na nywele za bandia nyeupe. Midomo yao ilikuwa ikienda. Hakuna kilichosikika.

Aliyekuwa akimwaga karibu nami aliitwa Kwaku. Alikuwa mtu wa mabega mapana na macho ya mzaha, na alinizungumzia kana kwamba tumefanya kazi pamoja miaka mingi. Nilimuuliza kwa nini tunaifukia barabara nzima. Akasema wenye hekima wako ndani, na magurudumu yakipita juu ya mawe yanawavuruga wasisikilizane. Kwa hiyo imeamriwa udongo. Ndani neno lisitoke, nje sauti isiingie.

"Wanajadili nini?"

"Sisi," alisema, na hakuacha kumwaga. "Wanatunga sheria za nchi mpya, wamefika penye utumwa, wamekwama hapo. Kama tutakuwa watu, au tutaendelea kuwa hivi tulivyo."

"Tulivyo vipi?"

"Hilo ndilo wanalolijadili, malenga."

Aliniita malenga kwa dhihaka, kwa kuwa nilikuwa nimejisahau na kuanza kupanga vina kwa sauti ya beleshi. Akaniambia nisijisumbue, beleshi haliimbi, na kama lingeimba lingekwisha kumwagiwa udongo nalo.

Ni yeye aliyenieleza habari ya jua. Wajumbe wa Nyumba waliapa siku ya kwanza kwamba hawataliacha jua lichwe kabla hawajakata shauri. Mchana ukaenda, shauri halikukatwa, na kiapo ni kiapo. Basi wakamweka mtu juu ya ngazi aushike mshale wa saa ya ukutani usiende mbele. Jua, ambalo siku zote nililidhania kuwa na kiburi kama changu, likatii. Tangu hapo ni saa nane. Watu wamezeeka katika saa nane hiyo. Udongo umepanda. Zamani, alisema Kwaku, dirisha la Nyumba lilikuwa juu ya vichwa vyetu. Sasa tulisimama usawa wa kioo, tukiwatazama wenye hekima ana kwa ana, na wao walitazama mahali tuliposimama na kuona hali ya hewa.

Niliwaza juu ya hilo kwa muda ambao haukuwa muda. Mtu anayejadiliwa yuko wapi wakati mjadala unaendelea? Kabla ya swali alikuwapo, ana njaa yake na wimbo wake. Swali likishaulizwa, yeye huinuliwa kutoka ardhini na kuning'inizwa kati ya ndiyo na hapana, kama nguo kwenye kamba, na upepo unaomyumbisha ni pumzi za watu wengine. Anaweza kula? Anaweza. Anaweza kupenda? Naam, lakini kwa masharti ya muda. Kila anachokifanya hukifanya akingoja kuambiwa kama ni yeye aliyekifanya. Mimi, ambaye sijawahi kumngoja mtu anithibitishe, nilijiapiza kwamba swali hilo halinihusu. Kisha nikachota beleshi jingine, nikamwaga.

*

Kesia alikuwa upande wa pili wa mkokoteni. Alikuwa mjamzito, na mimba yake ilikuwa imekwisha siku zake zamani.

Alikuwa ameibeba tangu mjadala ulipoanza. Tumbo lilikuwa limeshuka, ngozi imekazwa kama ya ngoma, na kila baada ya mabeleshi machache alisimama, akauma meno, akaweka kiganja chini ya kitovu kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe kutoka ndani. Nilimwita dada Kesia. Yeye aliniita mdogo wangu, kwa sauti ya mtu ambaye hana nguvu za kuchagua jina jingine.

Mbele ya Nyumba kulikuwa na hoja moja iliyomhusu kuliko zote. Ilisema hivi: mtoto wa mtumwa atakayezaliwa baada ya shauri kukatwa atakuwa huru, na atakayezaliwa kabla ya hapo atakuwa kama mama yake. Kesia alikuwa mali ya Bwana Asheli, mjumbe wa upande wa kusini, aliyekuwa ameketi karibu na dirisha la tatu na kujipepea kwa kofia. Mtoto akitoka leo, ni wa Bwana Asheli. Akitoka baada ya shauri, ni wa nafsi yake. Basi Kesia alikuwa amemshika. Wanawake wote waliokuwa na mimba wakati mmoja naye walikwisha kushindwa, na watoto wao sasa walikuwa watu wazima wakisukuma mikokoteni ile ile. Amebaki yeye.

Mlango wa Nyumba ukafunguliwa kidogo, akatoka bawabu aliyevaa soksi nyeupe. Alitaka mtu wa kupeleka maji ndani, mwenye miguu isiyo na kishindo. Kwaku akanionyesha kwa kidevu. Akasema mchukue huyu, mashairi yamemchosha mikono, labda atafaa kwa maji.

Nilitaka kwenda. Sitaficha. Nilikuwa na kiu ya kusikia ufasaha. Nje ya chumba changu cha bati sikuwahi kuwasikia watu wakishindana kwa maneno kuhusu jambo kubwa, na nilijua moyoni kwamba kama ningepewa nafasi ya kusimama kati yao, wangenyamaza wanisikilize.

Kesia alinishika mkono kabla sijaenda.

"Sikiliza, mdogo wangu. Humo ndani usisikilize kingine. Wakikata shauri, wewe simama kwenye dirisha la tatu uweke mtungi kichwani. Nikiuona mtungi kichwani mwako, namwachia. Nisipouona, namshika."

"Na ukishindwa kumshika?"

"Sitashindwa kwa nguvu zangu. Nitashindwa ukinidanganya."

*

Ndani ya Nyumba jina langu lilikuwa Maji.

Maji. Naja. Maji. Nimefika, Bwana. Unga mweupe wa nywele zao za bandia unatiririka mashavuni kama uji. Maji. Hakuna anayeniangalia usoni, wanaangalia mdomo wa mtungi. Nasema kimoyomoyo, mimi ni mwana wa mtu, natunga tarbia isiyochechemea. Maji. Natembea na sina kishindo, kwa sababu sakafuni wametandika zulia, na chini ya zulia, naapa, wametandika udongo. Maji. Juu ya ngazi yuko mtu ameushika mshale wa saa, mkono umekauka kama tawi, ndevu zimefika kwenye vidato. Nampa maji. Kati ya wote ninaowanywesha, ni yeye tu anayesema ahsante.

Walijadili. Nilidhani nitasikia watu wabaya wakisema mabaya, ningewachukia na kazi ingekuwa nyepesi. Sivyo ilivyokuwa. Mmoja alisema utumwa ni aibu, lakini aibu ya majirani. Mwingine akasema yeye hapendi kuutaja utumwa ndani ya sheria, kwa sababu sheria itasomwa na wajukuu, kwa hiyo uachwe uendelee bila kutajwa. Wa tatu alitaka watumwa wahesabiwe kuwa watu pale viti vya Nyumba vinapogawanywa, kusini ipate viti zaidi, na wasihesabiwe pale wanapotaka kuketi. Watu wakacheka kidogo, kwa adabu. Walikuwa na uchovu wa kweli. Walikuwa na watoto wao waliowakumbuka. Nilimmiminia mmoja, naye ameshika ukingo wa meza kwa nguvu, na nikaona kwamba alikuwa akiogopa, lakini alichokiogopa hakikuwa mimi. Aliogopa kwamba meza ile ingevunjika vipande viwili, kila upande uondoke na kipande chake.

Ndipo akasimama Bwana Elkana.

Alitoka upande wa baridi, ambako watu huishi kwa merikebu na samaki wa chumvi. Alikuwa mrefu, koti lake limechakaa kwenye viwiko, na alipofungua kinywa nilisahau mtungi mkononi. Sijui niieleze vipi sauti ile. Ilikuwa na mizani bila kuhesabiwa. Alisema nyumba haiwezi kuitwa mpya ikiwa imejengwa juu ya mgongo wa mtu aliyeinama. Alisema kama hatutaki kuliandika neno, basi tuone haya kulitenda. Aliwauliza kama wanasikia kimya cha nje, na kama wamewahi kujiuliza kimya kile kinatengenezwa na nani. Hapo nikainua kichwa, maana nilikitengeneza mimi. Watu walilia. Bwana mmoja alivua nywele zake za bandia akafutia macho. Elkana akapiga meza kwa ngumi.

"Leo," akasema. "Isiwe kesho. Leo."

Ukumbi wote ukasimama. Wakapiga makofi, wakagonga sakafu kwa fimbo, hata Mwenyekiti akainuka. Nilitupa macho kuelekea saa na nikaona, au nilitaka kuona, vidole vya yule mtu wa kwenye ngazi vikilegea.

Kwa mtu kama mimi, mwisho wa shairi zuri ni hukumu. Ubeti ukikamilika, jambo limekamilika. Hivyo ndivyo nilivyojifunza peke yangu juu ya karatasi za dagaa, na hapakuwa na mtu wa kunisahihisha. Nilikwenda dirisha la tatu. Nikauinua mtungi kwa mikono miwili. Nikauweka kichwani.

Nje, upande wa pili wa kioo, Kesia alinitazama. Uso wake ulifunguka kama ngumi inayofunguka. Akaliacha beleshi. Akaondoa kiganja chini ya kitovu.

Nyuma yangu makofi yalikwisha, na watu wakaketi. Hawakupiga kura. Nilisikia viti tu.

Bwana Asheli hakusema kwa sauti. Alizunguka meza polepole, akiwa na kofia yake ya kujipepea, akaweka mkono begani mwa Elkana kama ndugu. Nilikuwa karibu, nikasikia yote. Alimsifu kwa hotuba. Halafu akamuuliza habari za merikebu. Mpunga wa kusini unahitaji kuvuka bahari, alisema, na tumbaku pia. Ingeweza kuandikwa katika sheria kwamba zitakazoubeba ni merikebu za upande wa baridi, zisiwe za wageni. Au ingeweza isiandikwe. Mji wa Elkana una mafundi wangapi wa merikebu siku hizi waliokaa bure?

Elkana alitazama dari. Alitazama mikono yake. Alisimama tena.

Alisema jambo kubwa kama hili lisikatwe kwa haraka ya machozi. Alisema moyo wake haujabadilika, na hautabadilika. Alipendekeza hoja iahirishwe, wakiachie kizazi kijacho, chenye macho safi kuliko yetu.

Sauti ilikuwa ile ile. Hilo ndilo lililonivunja. Nilitafuta ndani yake ufa, nilitafuta kina kilichopotoka, sikukipata. Ilikuwa nzuri kama mara ya kwanza, na watu wakapiga makofi yale yale. Na kwa kuwa kuahirisha si kukata shauri, Mwenyekiti akamwambia mtu wa kwenye ngazi aushike mshale vizuri.

Niliushusha mtungi. Nje Kesia alikuwa amekwisha kupiga magoti.

Nikasema. Nilisimama katikati ya Nyumba ile, mimi ambaye niliamini kwamba nikisema watanyamaza, nikasema ubeti uliokuja wenyewe:

Udongo wenu ni mwingi, jiwe limefungwa kinywa,
Mlango una vigingi, nanyi maji yetu mwanywa,
Maneno yenu ni mengi, hata haki inafinywa,
Ni nani aliye ndani, amsikiaye wa nje?

Haukuwa na kasoro. Sijatunga bora kuliko huo. Nilipomaliza, wajumbe kadhaa walikuwa wamenyoosha bilauri zao kuelekea kwangu bila kuinua macho. Walikuwa wamesikia maji yakimiminika. Bwana Elkana alikuwa mmoja wao. Nilimjazia. Alikunywa yote, kwa maana hotuba hukausha koo.

*

Nje, Kwaku alikuwa amemlaza Kesia nyuma ya mkokoteni na kumsitiri kwa koti lake. Mtoto alikuwa ametoka. Alikuwa wa kike. Alikuwa mkubwa kuliko watoto wachanga walivyo, ana nywele ndefu na kucha, na uso wa mtu aliyesubiri kwa adabu mpaka akakasirika. Kinywa chake kilikuwa wazi kabisa. Mishipa ya shingo ilisimama. Alikuwa analia kwa nguvu zake zote.

Hatukusikia kitu.

Udongo ulikuwa mwingi mno. Uliinywa sauti ile ilipotoka tu, kama unavyoyanywa maji. Nilisogeza sikio mpaka pumzi yake ikaniunguza, nikasikia pumzi tu. Sijawahi kuwa peke yangu kama nilivyokuwa na mtoto yule analia mikononi mwangu bila sauti. Nilifikiri: hivi ndivyo nilivyo mimi tangu nizaliwe. Nikamrudisha kifuani kwa mama yake, nikalichukua beleshi, nikaanza kufukua.

Nilifukua kama kichaa. Nilitaka jiwe. Nilijua kwamba chini kabisa jiwe lipo, na mtoto akilia juu ya jiwe tupu vioo vyote vya Nyumba vitatikisika, watainua vichwa, watamwona. Shimo lilifika kina cha kiwiko, kisha cha bega. Nililisikia beleshi likigusa kitu kigumu, likalia ka, na sauti ile ndogo ikanipa furaha ambayo ubeti wowote haujanipa.

Kwaku akakanyaga beleshi kwa mguu wake.

Nilimwambia atoke. Nilimwambia amezoea kimya mpaka kimekuwa blanketi lake. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Akisikika, amezaliwa," akasema. "Na akizaliwa saa hizi, ni wa Bwana Asheli. Umesahau?"

"Amekwisha kuzaliwa. Huyu hapa."

"Huyu hapa kwetu. Kwao, nani amemsikia?"

Alitazama shimo langu, kisha akanitazama mimi, na mzaha ukarudi machoni mwake, lakini mzaha wa huruma. Alisema maisha yake yote amekuwa akimwaga udongo huu na kuulaani, na leo ndiyo mara ya kwanza anauona una faida.

Tulimgeukia Kesia. Alikuwa amejiinua kwenye kiwiko, amemfunika mtoto kwa nguo. Hakunipigia kelele. Ningependa angenipigia.

"Mtungi ulikuwa kichwani," alisema. "Wamekata?"

"Hawajakata, dada. Wameahirisha."

"Mpaka lini?"

"Wamesema kizazi kijacho."

Alimtazama kizazi kijacho, kinywa wazi, akinyonya hewa. Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka.

"Ulisikia maneno mazuri," aliniambia, "ukadhani ni mlango."

Hilo tu. Hakulirudia tena, wala hakuacha nafasi ya kina.

Kisha akaanza kufanya jambo ambalo mwanzoni sikulielewa. Alivua kitambaa cha kichwa, akakitandaza chini, akakijaza udongo kwa mikono. Alikifunga vizuri, akakiingiza chini ya nguo yake, akakifunga kiunoni. Aliposimama, alikuwa mjamzito tena. Aliweka kiganja chini ya kitovu. Aliuma meno. Hata mimi ningedanganyika.

"Mchukue," alisema.

Nilimficha mtoto ndani ya shati langu, ngozi kwa ngozi, wakati mlango wa Nyumba unafunguka. Bawabu wa soksi nyeupe alitoka, akaniuliza kwa nini maji yamekatika. Kabla sijajibu, macho yake yalikwenda kwa Kesia. Alisema Bwana Asheli ameona watu wamekusanyika dirishani kwake, anauliza kulikoni.

"Bado?" akamuuliza.

"Bado," Kesia akasema.

Kinywa cha mtoto kilikuwa kwenye mbavu zangu. Niliuhisi mlio wake ukipanda kwenye mifupa mpaka kwenye meno. Ulikuwa mkubwa. Ulikuwa ubeti mzima. Ningeweza kuinua mguu mmoja tu, niingie kwenye shimo langu, nikanyage jiwe, na nchi nzima ingesikia. Nilibaki juu ya udongo. Bawabu alilitazama shimo, akamwambia Kwaku alifukie, akarudi ndani. Viatu vyake havikutoa sauti.

Kwaku alilifukia. Nilimsaidia kwa mguu.

Tulizungumza haraka baada ya hapo: mtoto ni lazima atolewe mjini kabla hajasikika. Kesia hawezi kwenda, maana Bwana Asheli humtazama kila anapochoka kutazama meza. Kwaku hawezi, mikokoteni yote iko chini yake, akikosekana kazi itasimama na kimya kitatoboka. Mimi nilikuja bila kuitwa, na nikitoweka kitakachokosekana ni maji, na maji humiminwa na yeyote. Lakini mbele, udongo unaishia kwenye pembe ya mtaa. Baada ya pembe ni mawe matupu, mpaka mwisho wa nchi.

"Basi utaenda na mkokoteni," alisema Kwaku. "Unamwaga mbele yako, unakanyaga, unamwaga tena. Usikanyage jiwe naye." Kisha akanitazama. "Na wewe mwenyewe, malenga. Utaweza kunyamaza?"

Nilitaka kumjibu kwa shairi. Mashairi yote niliyowahi kuyatunga yalisimama kooni, yakisukumana. Nilifikiria chumba cha bati, na mtu yule niliyekuwa, aliyeamini kwamba kusikika ndiko kuishi. Labda ni kweli. Labda mtoto huyu nimbebaye hatakuwa anaishi, atakuwa anangoja, na mimi nitakuwa mtu anayebeba swali chini ya shati na kulitandikia udongo njia nzima, huku nikiuchukia kila niuchotapo. Hakuna mtu atakayejua. Sitakutana na msomaji. Nitakutana na pembe za mitaa.

Niliushika mpini wa mkokoteni. Ulikuwa umejaa. Saa ilikuwa nane.

Kesia hakumbusu mwanawe. Alihofia dirisha. Alisimama mbali kidogo, tumbo lake la udongo mbele, beleshi mkononi, kama mfanyakazi anayemwelekeza mwingine. Midomo yake ilitikisika kidogo tu alipouliza atamsikia lini.

Nilimjibu kwa sauti, ya mwisho niliyoitoa katika mji ule, na sikuipamba.

"Siku mshale utakapoachiwa, dada, nitarudi naye hapa, nifukue mpaka kwenye jiwe, nimsimamishe mbele yako, alie, na wewe utakuwa wa kwanza kumsikia. Mpaka siku hiyo, mimi pia hutanisikia."